Kibao Kinapogeuka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Filamu za Mapenzi Zinazoingia Taharuki Katikati

Niliweka muvi ya mapenzi, saa moja baadaye nikakuta damu. Nilikosea muvi?

Hukukosea. Umeangukia kwenye filamu za namna fulani ambazo huanza kwa vicheko, safari, nyimbo na macho kugongana mahali penye watu, kisha karibu na katikati kibao kinageuka. Anatokea mtu ambaye hakualikwa, au sisi watazamaji tunaonyeshwa jambo moja ambalo mmoja wa wapenzi halijui, na kuanzia hapo hakuna anayekaa vizuri kwenye kiti. Watu huziita filamu za mapenzi na taharuki. Jina hilo si baya, ila linaficha jambo moja: mapenzi na taharuki humo havikuchanganywa tangu mwanzo kama sukari kwenye chai. Vinafuatana. Unapewa kimoja mpaka unakizoea, ndipo unaletewa kingine.

Ukurasa huu unafichua miisho?

Unafichua. Siwezi kueleza kibao kiligeukaje bila kusema kiligeukia wapi. Nitazifungua Something Wild, Vertigo, Psycho, Baazigar, Darr, Fanaa, Fatal Attraction, Audition na kidogo Gone Girl. Kama kuna ambayo hujaiona na unataka kuiona ukiwa hujui kitu, ruka jibu linaloitaja. Nyingi zimepita miaka thelathini, kwa hiyo dhamiri yangu imetulia.

Kuna tofauti gani kati ya kibao kugeuka na siri kufichuka mwishoni?

Tofauti iko kwenye muda unaobaki. Siri ikifichuka dakika tano kabla taa hazijawashwa, kazi yake ni kukurudisha nyuma: unapanga upya ulichokwisha kukiona, unapiga paji la uso, unaondoka. Kibao kikigeuka katikati, una saa nzima ya kuishi na ulichokijua.

Hakuna mahali tofauti hii inaonekana vizuri kuliko Vertigo ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1958. Riwaya ya Kifaransa iliyoizaa ilitunza siri mpaka mwisho. Hitchcock aliitoa mapema. Askari mstaafu, Scottie (James Stewart), amempoteza mwanamke aliyempenda. Baadaye anakutana barabarani na mwingine anayefanana naye. Riwaya ingekuacha ujiulize kama ni yeye au siye. Filamu, ikiwa imebaki kama theluthi moja, inatuacha peke yetu chumbani na yule mwanamke, Judy (Kim Novak). Anaandika barua, na kwenye barua hiyo tunajua kila kitu: ni yeye yule yule, na kifo tulichokishuhudia kilikuwa njama. Kisha anaichana. Scottie hajui. Sisi tunajua.

Walikuwapo waliomshauri Hitchcock asifanye hivyo, na hata yeye mwenyewe alisita. Lakini fikiria kilichobaki kama siri ingetunzwa: mwanamume anamlazimisha mwanamke avae nguo fulani na kubadili rangi ya nywele, nasi tunangoja jibu la kitendawili. Kwa kuwa tunajua, kila nguo anayomvalisha inatuuma, maana tunamwona Judy akizikwa polepole ndani ya mwanamke ambaye hakuwahi kuwapo. Mapenzi yale yale tuliyoyaonea huruma saa moja nyuma sasa yanatutia hofu, na Scottie hajabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni tunachokijua sisi. Nikilazimika kutoa sababu moja ya kuandika ukurasa huu, ni hiyo: kwenye filamu nzuri za aina hii watu hawageuki, anayegeuka ni mtazamaji.

Nipe mfano mmoja tuufuate hatua kwa hatua.

Something Wild ya mwaka 1986, iliyoongozwa na Jonathan Demme kwa skripti ya E. Max Frye.

Charlie (Jeff Daniels) ni mtu wa ofisini New York, suti na tai. Amemaliza chakula cha mchana na kutoka bila kulipa. Pesa anayo, anachokitafuta ni ile raha ndogo ya kuvunja sheria bila kukamatwa. Mwanamke mwenye nywele nyeusi zilizokatwa usawa wa mashavu, Lulu (Melanie Griffith), amemwona. Anamfuata nje, anamtisha kidogo, anampa lifti, na lifti ile inageuka safari ya kutoka nje ya mji. Njiani Lulu anachota pesa kwenye droo ya duka la pombe. Wanaingia kwenye hoteli ya kando ya barabara, pingu zinatoka mkobani. Tunacheka. Wanafika kwa mama yake Lulu, Charlie anatambulishwa kama mume, na hapo Lulu anatuonyesha sura nyingine: nywele nyeusi zimeondoka, ni za dhahabu, na jina lake ni Audrey. Bado tunacheka, ila kicheko kimeanza kupungua sauti, kwa sababu mama mtu anaonekana hadanganyiki.

Kisha wanakwenda kwenye sherehe ya waliosoma pamoja sekondari, na Ray anaingia.

Ray Liotta alikuwa hajulikani sana wakati huo. Uso huo mpya ni nusu ya kazi yote, maana mtazamaji hakuwa na kumbukumbu yoyote ya kumwambia huyu ni adui au ni rafiki. Anatabasamu, anashika watu mabega, anataka wote waendelee na starehe kwingine. Tunagundua kwamba ni mume wa Audrey na ametoka jela. Usiku huo huo anavamia duka kwa bastola, na Charlie anapasuliwa pua. Filamu ya safari na vituko imekwisha, na haitarudi.

Sasa hesabu wizi. Charlie ameiba chakula cha mchana, Lulu ameiba droo, Ray ameiba kwa bastola. Ni kitendo kile kile kikipandishwa ngazi mara tatu, na mara mbili za kwanza tulikuwa upande wa mwizi. Pingu nazo zinarudi nusu ya pili zikiwa si mchezo tena. Charlie naye, aliyekuwa akijificha nyuma ya mke na watoto kila alipobanwa, kumbe mke alishamwacha. Ray hakuingiza kitu kigeni kwenye hadithi hii. Amekuja kama mtu wa kudai deni, na deni lilikuwapo tangu mezani pale mgahawani.

Wapo waliodhani Demme alishona filamu mbili kwa uzi mmoja, na mara ya kwanza mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa naipenda nusu ya kwanza kiasi cha kumwonea Ray hasira binafsi, kana kwamba ameingia sebuleni kwangu na viatu vyenye matope. Ilinichukua kuiona tena ndipo nikaelewa kwamba hasira ile ndiyo aliyoitaka mwongozaji.

Kibao hugeuka dakika ya ngapi?

Hakuna dakika maalumu, na anayekupa namba anakuuzia kozi. Psycho ya mwaka 1960 inaanza na wapenzi wawili ndani ya chumba cha hoteli wakilalamika kwamba hawana pesa za kuoana. Mwanamke, Marion (Janet Leigh), anaiba dola 40,000 alizopewa na bosi wake azipeleke benki ili waoane, na kabla saa moja haijatimia ameuawa bafuni. Aliyebeba filamu mabegani ameondoka na filamu inaendelea. Hitchcock aliziagiza kumbi zisimruhusu mtu kuingia baada ya filamu kuanza, jambo ambalo halikuwa kawaida enzi hizo, watu walipozoea kuingia wakati wowote. Alihofia mchelewaji angekaa akimngoja Janet Leigh atokee, na Janet Leigh alishakufa.

Gone Girl ya mwaka 2014 inageuka baada ya saa moja hivi: mke, Amy, tuliyekuwa tukisoma shajara yake kwa machozi, anaonekana akiendesha gari, mzima, shajara akiwa ameitunga. Vertigo inangoja zaidi. Baazigar haingoji hata katikati. Kinachopanga ni swali moja tu: je, mtazamaji amekwisha kujifunga na watu hawa? Ukigeuza kabla ya hapo, hakuna kinachouma. Ukichelewa sana, amekwisha kuchoka na mapenzi yasiyokwenda popote na anaangalia simu.

Mbona picha za Kihindi zimekuwa zikifanya haya siku zote na hakuna aliyeshangaa?

Swali zuri, na aliyekulia kwenye picha za Kihindi ana haki ya kucheka wakosoaji wa Magharibi wanapoandika kwa mshangao kwamba filamu moja imethubutu kuwa na hisia mbili.

Kuna sababu ya zamani na sababu ya ukumbini. Ya zamani ni kwamba Natyashastra, maandiko ya kale ya Kihindi kuhusu sanaa ya jukwaa, yanataja ladha nane ambazo mchezo unaweza kumwonjesha mtazamaji, zinazoitwa rasa: mapenzi, kicheko, huzuni, ghadhabu, ushujaa, hofu, karaha na mshangao. Mapokeo hayo hayaoni ajabu ladha kadhaa kukaa kwenye sinia moja, mradi mpishi anajua ipi itawale. Sababu ya ukumbini ni mapumziko. Filamu ndefu yenye mapumziko katikati ina mlango uliojengwa tayari. Kabla ya watu kutoka kunyoosha miguu, mwandishi anapaswa kuwapa kitu cha kubishania huko nje, na hakuna kitu kinachobishaniwa kama mpenzi aliyegundulika kuwa mtu mwingine.

Mwaka 1993 ulitoa mbili zilizokaribiana kwa wiki chache tu, zote na Shah Rukh Khan. Kwenye Baazigar, iliyoongozwa na Abbas-Mustan, yeye ni kijana mchangamfu anayependana kwa siri na Seema (Shilpa Shetty). Anamwandikisha barua ya kujiua kwa mtindo wa mchezo wa kupima mapenzi. Siku wanayokwenda kufunga ndoa ya serikali wanapanda juu ya jengo kusubiri ofisi ifunguliwe, anamkalisha ukingoni, wanazungumza kwa upole. Kisha anamsukuma. Kilichofanya kumbi zinyamaze ni kwamba steling ndiye aliyefanya, yule yule aliyetuimbia. Baadaye tunajua analipiza kisasi cha baba yake, na filamu inatuomba tumwelewe. Mimi nilimwelewa, sikumsamehe. Tuzo ya Filmfare ya mwigizaji bora alipewa kwa kazi hiyo.

Darr ya Yash Chopra inafanya kitu cha hila zaidi. Mwanzoni Kiran (Juhi Chawla) anasikia sauti ya mwanamume ikimwimbia kati ya miti na anaamini ni mchumba wake. Si yeye. Wimbo mtamu kabisa, mandhari ya kupendeza, na aliyeimba ni mtu anayemnyemelea. Anayesikiliza wimbo huo leo bila kuijua filamu atauweka kwenye harusi.

Fanaa ya mwaka 2006, ya Kunal Kohli, ndiyo ninayowapa wanaotaka kuona kibao kikigeuka kama bawaba. Zooni (Kajol), msichana wa Kashmir asiyeona, anafika Delhi na kupendana na mwongoza watalii anayeitwa Rehan (Aamir Khan), bingwa wa mashairi na maneno matamu. Anapasuliwa macho, anaona, na mtu aliyetaka kumwona kuliko wote anaambiwa amekufa kwenye mlipuko wa bomu. Sisi ndio tunaoonyeshwa kwamba Rehan yuko hai na mlipuko ule ni kazi yake. Miaka kadhaa baadaye, kwenye theluji, mwanamume aliyejeruhiwa anaanguka mlangoni kwake. Zooni anaona sasa, lakini sura ya Rehan hajawahi kuiona. Anamhudumia mgeni. Tazama jinsi upofu ulivyotumika mara mbili: kwanza kwa mahaba, mkono ukipapasa uso, kisha kama kisu. Mengine kwenye filamu hiyo, mambo ya majasusi na helikopta, nayaachia wanaoyapenda.

Mwongozaji hufanya nini hasa ili hewa ibadilike?

Mara nyingi hufanya mambo madogo kuliko unavyodhani. Mchana unakuwa usiku na hausemwi. Kamera iliyokuwa ikizunguka wapenzi inasimama tuli na kukaa mbali, kama mtu anayechungulia. Muziki unakatika. Watu husahau kwamba muziki ndio unaotuambia tucheke au tuhuzunike, na ukiondolewa tunabaki bila wa kutushika mkono.

Audition, ya Takashi Miike, Japani, mwaka 1999, ni darasa la hayo. Mjane wa kiume anatafuta mke kwa kutangaza usaili wa filamu ambayo hana nia ya kuitengeneza. Anampenda mmoja, Asami, mpole, mwenye sauti ya chini. Kwa muda mrefu inakwenda kama tamthilia tulivu ya mtu mpweke anayejaribu tena. Kisha tunaonyeshwa chumba cha Asami: amekaa sakafuni, kichwa ameinamisha, nywele zimefunika uso, simu mbele yake, na nyuma kuna gunia kubwa limefungwa. Simu inalia. Gunia linaruka. Basi. Hakuna kilichoelezwa, hakuna damu, na kila tabasamu la Asami kuanzia hapo halitazamiki. Ningewashauri wenye moyo mwepesi waishie karibu na hapo, kwa sababu yanayokuja si ya kutazama ukiwa unakula.

Rangi nayo hufanya kazi. Kwenye Vertigo, Judy anapotoka bafuni akiwa amegeuzwa kikamilifu kuwa yule marehemu, chumba kimejaa mwanga wa kijani wa taa ya hoteli iliyo nje ya dirisha. Rangi hiyo tumekwisha kuiona juu ya yule mwanamke wa kwanza, kwenye gauni na gari. Kwa hiyo anatokea mbele yetu kama mpenzi na kama mzimu kwa mwanga ule ule.

Kwa nini trela haikunionya?

Kwa sababu ingekuonya usingeshtuka, na wakati huo huo asiyependa mapenzi asingenunua tiketi. Watengenezaji wako kwenye mtego. Wakiuza mapenzi matupu, nusu ya ukumbi inatoka imekasirika. Wakiuza taharuki tupu, watazamaji wanakaa saa ya kwanza wakingoja kisu na hawawapendi wahusika inavyotakiwa. Siku hizi trela nyingi huchagua kosa la pili. Mimi sizitazami.

Ni kweli kuna filamu ambayo mwisho wake ulibadilishwa kwa sababu watazamaji walikasirika?

Ni kweli. Fatal Attraction ya Adrian Lyne, 1987. Dan (Michael Douglas), mwenye mke na mtoto, analala na Alex (Glenn Close) mwishoni mwa juma mke akiwa hayupo. Yeye anadhani yamekwisha, Alex hadhani hivyo. Mwisho wa kwanza uliopigwa ulikuwa wa kimya: Alex anajiua kwa kisu chenye alama za vidole vya Dan, opera ya Madama Butterfly ikilia, na Dan anajikuta mtuhumiwa. Kwenye maonyesho ya majaribio watazamaji hawakuupenda. Walitaka Alex aadhibiwe. Mwisho mpya ukapigwa, wa bafuni, na mke ndiye anayefyatua risasi. Glenn Close aliupinga kabla ya kukubali. Filamu iliingiza pesa nyingi sana na kupata uteuzi wa Oscar mara sita.

Hapo ndipo naona bei ya kugeuza kibao kwa kumridhisha mtu. Mwisho wa kwanza ulikuwa unamdai Dan. Opera ile ni ya mwanamke aliyeachwa na mwanamume aliyeahidi kurudi, na Dan na Alex walikuwa wameizungumzia wakiwa bado wanacheka. Kilichopandwa saa ya kwanza kilikuwa kinavunwa. Mwisho mpya unashtua zaidi, lakini hauvuni kitu. Alex anakuwa dudu linaloinuka kutoka majini, na Dan anarudi nyumbani akiwa mtu mwema aliyepatwa na balaa.

Mbona mara nyingi mwanamke ndiye "kichaa"?

Kwa sababu nyingi ziliandikwa kutoka kwenye hofu ya mwanamume: kwamba starehe ya siku mbili itamfuata nyumbani. Lakini usizihukumu zote kwa fungu moja. Kwenye Audition mwanamume ndiye aliyeanza kwa udanganyifu, akiwapanga wanawake kama bidhaa wasijue wanachosailiwa, na filamu haikusahau jambo hilo hata kidogo. Kwenye Vertigo mwenye kutisha ni yule anayependa.

Darr ina tatizo la upande mwingine. Mnyemeleaji alichezwa kwa mvuto mkubwa kiasi kwamba watazamaji wengi waliondoka wakimhurumia yeye, na kigugumizi chake kwenye jina la Kiran kikaigizwa kama utani. Kibao kiligeuka kwenye filamu, ukumbini hakikugeuka.

Nitajuaje mapema kwamba kibao kitageuka?

Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu ya filamu hizi yanafanana. Mpenzi asiye na rafiki, ndugu wala picha ukutani. Uongo mdogo unaopita kwa kicheko. Kitu kimoja kinachoonyeshwa karibu zaidi ya umuhimu wake: kisu cha jikoni, ufunguo, barua. Utani kuhusu kufa. Na furaha iliyokamilika mno dakika ya arobaini, wakati bado kuna zaidi ya saa mbele.

Ila ukianza kuwinda dalili, umejinyima filamu. Afadhali kudanganywa vizuri.

Naandika skripti ya aina hii. Nianzie wapi?

Andika nusu ya kwanza kana kwamba ya pili haipo. Waandishi wengi, kwa kuwa wanajua kinachokuja, huifanya sehemu ya mapenzi kuwa ngazi tu ya kupandia. Wapenzi wanatabasamu, wanatembea ufukweni, hakuna wanachoambiana. Mtazamaji anasikia harufu ya haraka yako. Wape mzaha wao wenyewe, ugomvi mdogo wa kweli, njia yao ya kuitana. Nusu ya kwanza iwe filamu ambayo mtu angelipa kuiona peke yake.

Kisha orodhesha vitu vilivyomo: vitendo, vifaa, maneno, mahali. Yote yatakayoumiza nusu ya pili yatoke kwenye orodha hiyo. Ukihitaji bastola ambayo haikuwahi kugusiwa, au ndugu pacha aliyeshuka kutoka mawinguni, rudi nyuma. Sadfa moja inavumilika ikiwaletea matatizo wahusika, ikiwaokoa, umeharibu.

Amua mapema nani atajua kwanza. Mtazamaji akijua pamoja na mhusika, utapata mshtuko. Mtazamaji akijua kabla ya mhusika, utapata taharuki, na taharuki hudumu zaidi. Mhusika akijua kabla ya mtazamaji, kama Amy wa Gone Girl, jiandae kueleza kwa nini tulifichwa, na maelezo yawe yenyewe ni tukio, yasiwe hotuba.

Usimbadili mtu tabia ili hadithi igeuke. Mwanamume mpole wa ukurasa wa kumi hawezi kuwa katili ukurasa wa sitini kwa sababu tu umefika ukurasa wa sitini. Upole wake wa ukurasa wa kumi uwe na kitu ndani yake, namna anavyomchagulia chakula bila kumuuliza, kwa mfano, ambacho tuliona ni mahaba.

Na kicheko usikizime chote. Kicheko kimoja kikibaki nusu ya pili, hasa kikitoka kwa mtu mbaya, kinatisha kuliko kelele. Ray anatabasamu karibu mpaka mwisho.

Nianze na filamu ipi?

Something Wild kama unapenda kucheka kwanza. Vertigo kama una subira. Fanaa kama unataka nyimbo. Audition iwe ya mwisho, na usiitazame na mtu mliyeanza kuchumbiana juzi.

Rafiki yangu hajaiona. Nimwambie nini?

Mwambie jina na umnyamazie. Hata kusema "subiri ufike katikati" ni kumwaga mtama penye kuku wengi, maana atakaa akisubiri katikati. Akikuuliza ni ya aina gani, jibu ni ya mapenzi. Hukudanganya.

Nikishajua kila kitu, kuna haja ya kuitazama tena?

Ndipo filamu inapoanza, kwa maoni yangu. Mara ya pili hutazami kinachotokea, unatazama nyuso. Rudi kwenye ile Vertigo na umwangalie Novak saa ya kwanza. Mara ya kwanza ulimwona mwanamke wa ajabu asiyejua alipo. Sasa unamwona Judy, msichana aliyelipwa kuigiza, akimpenda mtu ambaye yeye mwenyewe anamdanganya na akiogopa kumwambia. Kila anaposita kabla ya kujibu, kusita huko kuna sababu mbili. Kisha rudi New York mwaka 1986, mezani pale mgahawani, Charlie anapokunja bili na kutazama pembeni kabla ya kuinuka.